Kutoka Enyumba ya Mayembe hadi Makumbusho: Uhakiki wa Lugha ya Maelezo katika Makumbusho ya Uganda

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha iliyotumika kuita na kueleza vitu vilivyohifadhiwa katika Makumbusho ya Uganda, Kampala, na lugha inayotarajiwa kutumika siku zijazo, yaani Kiswahili. Yanadai kwamba jina ambalo wakazi wa Kampala waliyapa makumbusho hayo mwanzoni mwa karne iliyopita lilikuwa uhakiki wa kwanza wa taasisi hiyo, na kwamba uhakiki huo haujajibiwa. Yanaonyesha pia kuwa Kiswahili, kikiingia katika kabati za vioo kwa mazoea ya tafsiri tuliyoyazoea, kitarudia kosa la Kiingereza kwa lafudhi ya Kibantu. Mifano inatokana na pembe za ibada, ngoma, ala za nyuzi na vitu vilivyorejeshwa kutoka Cambridge mwaka 2024.

Jina la kwanza

Mwaka 1907 George Wilson aliagiza vitu vyenye kuvutia vikusanywe kutoka pande mbalimbali za himaya ya Uganda. Mwaka uliofuata, 1908, mkusanyiko huo ulipata makao katika Ngome ya Lugard, juu ya kilima cha Old Kampala. Kwa hesabu hiyo, taasisi tunayoizungumzia ni miongoni mwa makumbusho makongwe kabisa ya Afrika Mashariki. Waliokusanya walikuwa maofisa na wamisionari, na waliokusanyiwa hawakuulizwa jina la nyumba. Hata hivyo waliipa jina. Waliiita Enyumba ya Mayembe.

Vitabu vya Kiingereza hutaja jina hili kwa tabasamu, kama kichekesho cha wenyeji ambao hawakuelewa makumbusho ni nini. Mimi nalisoma kinyume chake. Katika Luganda, ejjembe (wingi amayembe) ni pembe ya mnyama. Ni pembe hiyo hiyo pia ikishatiwa dawa, ikapewa jina, ikakaliwa na nguvu inayoweza kutumwa, kuulizwa na kujibu. Watu walioona vitu vya namna hiyo vikichukuliwa kutoka mahali pa ibada, vikapandishwa mlimani na kufungiwa ndani ya ngome ya askari, walieleza kwa usahihi walichokiona: nyumba iliyojaa nguvu zilizotekwa. Hawakuwa wameshindwa kuelewa makumbusho. Pengine waliyaelewa kuliko waanzilishi wake.

Kiingereza cha utawala kikalitafsiri jina hilo kwa neno lenye asili ya Kireno, ambalo mabaharia na wafanyabiashara walikuwa wamewabandikia watu wa pwani ya magharibi ya Afrika karne nyingi kabla. Neno hilo halikusema lolote kuhusu pembe, wala jina la pembe, wala kazi yake. Lilisema tu kwamba mwenye kitu hicho anaamini upuuzi. Tangu hapo kila anayeandika historia ya makumbusho haya hulirudia, na sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunalichukua kutoka kwake.

Majina matatu ya nyumba moja

Inafaa tusimame kidogo kwenye majina, maana ndiyo maandishi ya kwanza ambayo mgeni huyasoma kabla ya kulipa kiingilio.

Neno letu makumbusho linatokana na kitenzi kumbuka kilichotiwa usababishi kikawa kumbusha. Sarufi yake inadai watu wawili: mwenye kukumbusha na mwenye kukumbushwa. Wa pili amekwisha kusahau, au anadhaniwa amesahau. Dar es Salaam, ambako Kijiji cha Makumbusho kilijengwa miaka ya 1960 ili kuonyesha nyumba za jamii mbalimbali za Tanzania, neno hilo limeshuka barabarani, na kwa abiria wengi Makumbusho ni kituo cha daladala. Hili si jambo la kusikitikia. Neno linalotajwa na makondakta kila asubuhi lina uhai kuliko mengi tunayoyabuni katika kamati. Lakini dhana iliyomo ndani yake haijabadilika: kuna anayejua na kuna aliyesahau.

Rwanda wamechagua njia nyingine. Kwa Kinyarwanda makumbusho huitwa ingoro y'umurage, yaani jumba la urithi. Ingoro ni makazi ya mfalme. Kwamba jengo la Huye, lenye mkusanyiko mkubwa wa vitu vya maisha ya jadi, lilikuwa zawadi ya mfalme wa Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1980, na leo linaitwa ingoro, ni jambo ambalo wenzetu wa huko wangelifanyia makala yao. Hapa yatosha kusema kwamba jina hilo linamtazama mgeni kama mrithi anayeingia kwao. Halimtazami kama msahaulifu.

Enyumba ya Mayembe haimtazami mgeni kabisa. Inavitazama vitu, na inasema bado vina uwezo. Kati ya majina haya matatu ni hilo pekee ambalo halikutolewa na serikali.

Pembe niliyoiita hirizi

Ninaandika haya nikiwa mmoja wa watuhumiwa. Miaka kadhaa iliyopita taasisi moja, nisiyoitaja, iliniomba nitafsiri kwa Kiswahili maelezo ya maonyesho madogo ya utamaduni. Nilipewa orodha ya Kiingereza na muda mfupi. Mojawapo ya vitu hivyo ilikuwa pembe iliyozungushiwa ushanga na kuzibwa mdomoni. Nikaandika: "Hirizi ya kienyeji." Sikusita hata dakika moja. Kamusi iliniunga mkono.

Siku ya ufunguzi mama mmoja mzee, aliyekijua Kiswahili vizuri kwa sababu mumewe alifanya kazi reli huko Jinja, alisoma lebo yangu kwa sauti, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hirizi huvaliwa. Hii nani aliivaa?"

Nilimjibu kwa heshima kwamba ni neno la jumla. Akasema, "Basi ungeacha kuandika."

Alikuwa na haki kwa pande zote mbili, upande wa Kiswahili na upande wa Luganda. Hirizi ni neno lililoingia kutoka Kiarabu pamoja na kitu chenyewe: maandishi yaliyokunjwa, yakashonewa katika ngozi au kitambaa, yakavaliwa shingoni, mkononi au kiunoni. Ejjembe haivaliwi. Huwekwa, hutunzwa, huitwa kwa jina lake, huzungumzwa nayo. Anayeichukua bila idhini hajaiba pambo. Ameondoka na mwenyeji wa nyumba.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kiswahili hakikuwa na uhaba. Watu wa pwani wana kago la kukinga, fingo linalofukiwa kulinda nyumba au mji, tunguri la mganga, mkoba wake, na pembe zake vilevile. Wana pepo, mizimu na koma, na hawavichanganyi. Tena pembe ya mamlaka waliijua mapema: siwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe ya ndovu, na ile ya Lamu ya shaba nyeusi, zilipulizwa katika shughuli kubwa za watawala na waungwana, na si kila mtu aliyeruhusiwa kuzipuliza. Lugha iliyo na siwa haiwezi kudai kwamba haijui pembe inaweza kubeba nini. Kilichoniangusha ni Kiswahili cha ofisini, ambacho kimejizoeza kuyafupisha haya yote kuwa maneno mawili: hirizi kikiwa na adabu, na uchawi kikikosa adabu.

Neno uchawi linahitaji tahadhari ya pekee kwa washauri wa sera. Sheria ya Uganda ya mwaka 1957 kuhusu uchawi, pamoja na ukali wake wote, inaiacha nje ya maana ya uchawi ibada ya mizimu inayofanywa kwa nia njema pamoja na utengenezaji wa dawa za kienyeji. Sheria ya kikoloni, iliyoandikwa na watu ambao hawakuwa marafiki wa lubaale, ilitenganisha mambo ambayo lebo ya Kiswahili iliyoandikwa leo huenda isiyatenganishe. Mwanafunzi wa shule ya msingi akisoma "zana za uchawi" chini ya kioo amefundishwa kwamba babu yake alikuwa mhalifu. Wanafunzi ni sehemu kubwa ya wageni wa makumbusho haya. Huja kwa mabasi, wakiwa na madaftari, nao hunakili kila lebo neno kwa neno.

Ala zilizonusurika

Makumbusho yalihama mlima zaidi ya mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 yalikuwa Makerere, chini ya uangalizi wa Margaret Trowell, mwalimu wa sanaa ambaye shule ya sanaa ya chuo hicho bado ina jina lake. Mwaka 1954 yalifunguliwa katika jengo lake la sasa, Kitante, kazi ya msanifu Mjerumani Ernst May aliyekuwa akiishi uhamishoni Afrika Mashariki. Aliyeyapa roho, hata hivyo, ni Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyeyaongoza kuanzia 1948 hadi 1957. Yeye na Trowell walitoa mwaka 1953 kitabu Tribal Crafts of Uganda, ambamo Trowell alieleza ufundi wa nyumbani na Wachsmann akaeleza ala za sauti. Jina la kitabu ni la zama zake. Maelezo yake ya namna kitu kinavyotengenezwa hayajapitwa na mtu.

Jambo ambalo Wachsmann alilifanya, na ambalo wahakiki wa makumbusho ya Afrika hawalipi uzito wa kutosha, ni kukataa kuzinyamazisha ala. Aliwaajiri wanamuziki. Evaristo Muyinda, fundi mkubwa wa muziki wa Kiganda, alipiga ala ndani ya makumbusho na kuwafundisha waliotaka kujifunza. Mtafiti Gerhard Kubik alijifunza amadinda kwake kuanzia mwaka 1959. Mgeni wa siku hizo hakuhitaji lebo imwambie amadinda ni nini, kwa kuwa aliisikia. Rekodi ambazo Wachsmann alizifanya vijijini zilikwenda London, na nakala zake zimerudi Makerere kwa juhudi za wanazuoni wa muziki wa hapa hapa. Amayembe hayakupata Wachsmann wao. Ngoma ilipigwa, pembe ikatazamwa tu.

Leo ukumbi wa muziki umepangwa kwa makundi ya kitaalamu: ngoma, ala za kugonga, za kupuliza na za nyuzi. Maelezo, kwa sehemu kubwa, ni ya Kiingereza. Tujaribu kuyatia Kiswahili kwa njia ya kawaida tuone kitakachotokea. Ennanga ya Waganda, ambayo shingo yake imepinda kama upinde, itakuwa kinubi. Endongo, yenye mikono miwili na mti uliolazwa juu yake, itakuwa kinubi. Adungu ya Waalur nayo itakuwa kinubi. Ala tatu zenye maumbo tofauti na wapigaji tofauti, ambazo pia hazitoki katika jamii moja, zinaingia katika neno moja ambalo lenyewe linasema kitu hicho ni cha Wanubi. Na hapa Uganda Kinubi si ala, bali ni lugha inayozungumzwa Bombo na kwingineko. Mtoto wa Bombo atakayesoma "Kinubi cha Waalur" atadhani makumbusho yamekosea kabila.

Endingidi ni rahisi zaidi, kwani zeze la Kiswahili ni ala ya kusugua kwa upinde katika sehemu nyingi, nayo endingidi ni hivyo hivyo. Hapo tafsiri inafanya kazi yake. Sisemi kwamba kila kitu hakitafsiriki. Ninachosema ni kwamba mtafsiri anapaswa kujua ni wapi kinatafsirika, na hilo hulijui kwa kukaa na orodha ya Kiingereza mezani.

Mfano mgumu zaidi ni ule unaoonekana rahisi kuliko yote: ngoma. Neno ni moja kutoka Kongo hadi Komoro. Nani atahitaji mtafsiri? Lakini katika Kinyarwanda na Kirundi ingoma ni ngoma na ni utawala, na enzi ya mfalme huitwa ingoma yake. Katika Luganda anayerithi kiti anasemwa amekula engoma, na ngoma za kifalme, mujaguzo, si vyombo vya burudani bali ni sehemu ya ufalme wenyewe. Nkore walikuwa na Bagyendanwa, ngoma ambayo uhalali wa Omugabe ulishikamana nayo. Kiswahili kimelipeleka neno hilo upande mwingine: ngoma ni chombo, ni mchezo, ni sherehe, ni mkusanyiko wa kupunga pepo. Utawala haumo. Kwa hiyo lebo isemayo "Ngoma" ni sahihi katika kila kamusi, na imemnyima msomaji jambo lenyewe. Katika nchi ambayo falme zilifutwa katika miaka ya 1960 na kurudishwa mwaka 1993, jambo hilo si la kitaaluma tu.

Lugha yenye historia yake

Wapo watakaouliza kwa nini nahangaika na lebo ambazo hazijaandikwa. Ni kwa sababu zitaandikwa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji na ufundishaji wake wa lazima shuleni. Taasisi za umma zitatakiwa kuonyesha kwamba zimetii. Njia nyepesi ya kuonyesha utiifu ni kuweka mabango, na makumbusho ni nyumba ya mabango.

Kiswahili, hata hivyo, hakiingii Kitante kama mgeni asiyejulikana. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipotaka kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala, upinzani mkali ulitoka Buganda, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliupinga mpango huo hadharani. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa waliokuwa watu wazima wakati huo Kiswahili ni sauti ya kizuizi cha barabarani. Makumbusho yenyewe yaligusa jeraha hilo mwaka 2019 yalipoonyesha picha za enzi ya Amin ambazo zilikuwa zimefichama kwa miongo mingi. Mwenzangu mmoja wa Tanzania aliniambia kwamba haya ni ya zamani na vijana hawayajui. Vijana hawayajui, kweli. Lakini wanaowaleta vijana makumbushoni ni walimu na bibi zao.

Ikiwa lugha yenye historia hiyo itaingia katika nyumba ya kumbukumbu na jambo la kwanza ikafanya ni kuita ejjembe hirizi, adungu kinubi na lubugo "nguo ya gome", itakuwa imethibitisha kila hofu iliyowahi kuelezwa dhidi yake. Lubugo ni mfano wa kutosha. Ni kitambaa kinachopigwa kutoka katika gome la mti wa mutuba, na ufundi wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi simulizi na usioshikika. Hutumika katika kutawazwa na katika kuzika. "Nguo ya gome" inaeleza malighafi tu, kama mtu aiite kanga "pamba iliyochapwa".

Tiba haiko mbali. Kiswahili kilichukua matoke bila kuuliza kamati, na kilichukua Kabaka bila kulazimisha asemwe mfalme. Kinaweza kuchukua lubugo, ennanga, adungu na mujaguzo kwa njia hiyo hiyo, kisha kikafanya kazi inayokifaa, yaani kueleza. Jina la kitu litangulie kwa lugha ya wenyewe, na Kiswahili kifuate kwa sentensi mbili au tatu zisizojifanya kuwa kisawe. Mabaraza ya lugha yana hofu ya kisheria kuhusu maneno yasiyosanifiwa, nayo ina sababu zake katika vitabu vya kiada. Katika lebo ya makumbusho haina sababu hata moja.

Upatanisho wa kisarufi

Pembe inaleta tatizo ambalo ala hazina, na hapa naomba uvumilivu wa wasomaji wasio wanaisimu. Tukilichukua neno lenyewe, haliwezi kuwa jembe, maana msomaji atakwenda shambani. Linaweza kuwa yembe, wingi mayembe, katika ngeli ya LI-YA. Umbo hilo limekaa vizuri kinywani.

Lakini Kiswahili, tofauti na Luganda, hakiridhiki na ngeli ya umbo pale kitu kinapokuwa na uhai. Mganda husema embwa eno, na mbwa huyo akabaki katika ngeli ya jina lake. Mswahili husema mbwa huyu, kwa kuwa mbwa ni kiumbe. Jini huyu, si jini hili. Kwa hiyo Luganda humruhusu msemaji kutaja ejjembe bila kutoa shahada yoyote kuhusu uhai wake. Kiswahili hakimruhusu. Mwandishi wa lebo lazima achague: yembe hili lilikuwa likiulizwa, au yembe huyu alikuwa akiulizwa. Akiandika hili, amesema ni kitu, na amekubaliana na waliolichukua. Akiandika huyu, amesema ni mwenye uhai, na amekubaliana na walionyang'anywa. Hakuna upatanisho wa tatu.

Nimewauliza wanafunzi wangu swali hili kwa miaka mitatu mfululizo. Wengi huchagua hili, kisha hukaa kimya, kisha mmoja huuliza kama anaweza kubadilisha.

Kuazimwa kilicho chako

Baadhi ya vitu vilivyoondoka vimerudi. Masalia ya Kibuuka, lubaale wa vita wa Buganda, ambayo mmisionari John Roscoe aliyapata mwanzoni mwa karne ya ishirini na kuyapeleka Cambridge, yalirudishwa Kampala wakati wa uhuru. Juni 2024 vitu 39, vikiwemo alama za kifalme na vyombo vya udongo, vilirudi kutoka makumbusho hayo hayo ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Vilipokewa Kitante kwa furaha ambayo siidharau. Lakini vilirudi kwa makubaliano ya miaka mitatu, na mmiliki kisheria bado ni Cambridge.

Tutaandika nini kwa Kiswahili kuhusu vitu hivi? Neno rahisi ni mkopo, nalo ni kosa la wazi. Anayekopa hurudisha mfano wa alichochukua: pesa kwa pesa, kibaba kwa kibaba. Anayeazima hurudisha kile kile. Lugha yetu ilitenganisha mambo haya mapema sana, na kwa mara hii inatupatia usahihi ambao Kiingereza hakina katika neno lake moja. Vitu 39 vimeazimwa. Tukiandika vimerejeshwa, tumeficha masharti. Tukiandika vimekopwa, tumeharibu Kiswahili. Tukiandika vimeazimwa, tumesema ukweli unaochoma: mwenye kitu ameazimwa kitu chake na anahesabu siku.

Ningependa neno hilo lionekane kwenye bango, kwa herufi kubwa, ili mgeni aulize. Mshauri mmoja wa serikali niliyemdokezea wazo hilo aliniomba nitafute neno la kidiplomasia zaidi. Nilimwambia nimelitafuta.

Rasimu ya lebo

Kwa kuwa nimewatuhumu wengine na nafsi yangu, ni haki niweke mezani nilichojaribu kuandika badala ya "Hirizi ya kienyeji". Rasimu ni hii: "Ejjembe. Pembe iliyotiwa dawa na kupewa jina. Katika imani ya Waganda, nguvu inayokaa ndani yake inaweza kuulizwa na kujibu. Yembe huyu hakuvaliwa na mtu, alitunzwa nyumbani. Jina lake halikuandikwa na waliomchukua."

Ni maneno machache, na yanatosha katika kadi ya ukubwa wa kawaida. Nilimpelekea yule mama aisome. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kwa nini nimeandika "imani" kwa Waganda peke yao, wakati kwenye lebo ya Biblia ya kale iliyokuwa jirani na pembe ile hakukuwa na neno "imani" popote. Nimelifuta neno hilo. Kisha niliituma rasimu kwa mhariri wa lugha kwa ukaguzi, naye akairudisha na sahihisho moja tu kwa wino mwekundu: huyu, likawa hili.

Sijaikubali wala kuikataa. Nimeileta kongamanoni.